Jina Kwenye Kila Ukurasa

Matokeo ya shindano yalikuwa yatoke saa sita usiku. Huko yanakotoka ilikuwa mchana mweupe, watu wameshakula na wanarudi mezani kubonyeza kitufe. Kwetu madirisha ya majirani yote yalikuwa giza. Binti yangu alikuwa chumbani kwake amejifungia. Mimi nilikaa sebuleni kwenye kiti kinachotazamana na mlango wake, taa nimezima, nikiangalia upenyo wa chini. Mwanga ukitokea pale nilijua anafungua ile tovuti kwenye simu. Ukipotea nilijua bado. Tangu saa tatu hadi saa tano na nusu ulitokea mara kumi na saba.

Hakuna aliyeniambia nihesabu, lakini mkono uliozoea hauachi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa ninakagua mikoba kwenye geti la kiwanda cha nguo. Wanawake wakitoka zamu wanapanga foleni, kila mmoja anafungua mkoba mbele yangu, naingiza mkono. Nimekuta zipu ndani ya mkate. Nimekuta mita tatu za kitambaa zimezungushwa tumboni mwa mwanamke aliyeniambia ana mimba ya miezi mitano, na nilikuwa nimeshampa pole kwa miguu kuvimba. Ukiifanya kazi hiyo miaka yote hiyo, huwezi tena kuona mfuko umefungwa ukapita zako.

Na ile tovuti kwangu ilikuwa mfuko uliofungwa.

Binti yangu tunamwita Daftari. Jina hilo alilipata getini. Alipokuwa darasa la pili sikuwa na mtu wa kumwachia, kwa hiyo akitoka shule alikuja kukaa chini ya meza yangu mpaka zamu iishe. Wanawake wakiwa kwenye foleni husema kila kitu: mume, mama mkwe, uvimbe, mshahara wa mwenzao. Mtoto akawa anasikiliza. Siku moja msimamizi alifungua daftari la ukaguzi kwa nyuma akakuta kurasa kumi na moja zimejaa maneno ya watu, jina la msemaji pembeni na alichosema mbele yake, hadi yale aliyoyasema msimamizi mwenyewe kwenye simu na mtu asiye mke wake. Nikajua kazi imekwisha. Msimamizi akazichana zile kurasa polepole, akazikunja, akazitia mfukoni, akaniambia mtoto huyu anunuliwe daftari lake. Kesho yake foleni nzima inamwita Daftari, na wenye siri wanashusha sauti wakikaribia meza.

Akakua hivyo hivyo. Si mtu wa kelele. Ukimpa kichekesho leo, atacheka kesho akiwa anapiga pasi, peke yake, mpaka umuulize ana nini. Anakula amesimama. Alipomaliza sekondari hakupata nafasi ya kuendelea, akaingia kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mpaka leo yuko huko, anachambua mashuka, anayakunja, anayapanga kwenye matoroli. Vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa dawa ya kung'arisha. Akirudi anaoga, anakula hivyo alivyozoea, halafu anakaa na kompyuta aliyonunua mkononi kwa mtu, ambayo kitufe kimoja kimeng'oka na herufi yake anaibonyeza kwa njiti ya kiberiti.

Miaka mitatu alikuwa anaandika hadithi ya filamu. Skripti, kama anavyoiita yeye. Ni wanawake wanne wa kufulia wanaokuta pete ndani ya shuka la mgonjwa aliyefariki, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema iuzwe. Wakati mwingine aliniita nimsaidie maneno. "Mama, sema hapa kama unavyomwambia mtu afungue mkoba." Nasema. Anatikisa kichwa, anaandika, ananiambia basi nenda. Sikuwahi kusoma yote. Lakini kuna mahali mwanamke mkubwa kuliko wenzake anaivaa ile pete kidogo tu, aone, halafu haitoki kidoleni, na niliposikia hapo nililazimika kwenda jikoni.

Halafu akaniambia kuhusu shindano. Alisema siku hizi hakuna kupeleka bahasha kwa mtu. Kuna jukwaa mtandaoni, matamasha ya filamu ya nchi zote yamepangwa humo kama maduka kwenye mtaa mmoja. Unajiandikisha, unajaza fomu, unalipa ada, unapakia skripti yako, unasubiri. Yeye alikuwa amechagua shindano moja. Kumi bora walikuwa wanachukuliwa miezi mitatu kufundishwa na watu wanaotengeneza filamu kweli, nauli juu yao. Sharti lilikuwa umri usizidi miaka ishirini na saba. Daftari alikuwa anaelekea kutimiza ishirini na nane. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Nikamuuliza ofisi yao iko wapi. Akasema iko mtandaoni. Nikamuuliza mlangoni anakaa nani. Akacheka, na safari hiyo hakungoja kesho. Nikamuuliza wanaosoma ni akina nani. Akasema ni wasomaji, hawatajwi majina. Nikamwambia kwa hiyo unampa mtu usiyemjua kitu cha miaka mitatu, na hela unampa wewe. Alianza kunieleza sababu ya kutotajana majina, lakini mimi nilikuwa nimeshasikia ya kutosha.

Dada yangu nilipompigia aliniongezea yake. Kijana wa jirani yake alijaza fomu mtandaoni ya kazi ya melini. Akatuma picha, akatuma pasipoti, akatuma na ada. "Meli yenyewe mpaka leo haijatia nanga," alisema dada, "na mama yake kila akisikia honi anatoka nje." Huko kwao hakuna hata maji ya kupitisha mtumbwi, lakini nilimwelewa.

Siku ya mwisho ya kutuma, simu ya Daftari ikagoma. Faili linapanda nusu, linarudi. Akajaribu alfajiri, akajaribu tena, kisha akaitwa kazini kwa sababu mwenzake ameamka na homa. Akaniwekea flashi mkononi na karatasi yenye neno lake la siri. Alisema fomu ameshajaza, ada ameshalipa, limebaki faili tu. Nimpelekee Miwani, mwenye duka la fotokopi pale kona, apakie, asifungue chochote. Mwisho ni saa kumi jioni.

Flashi ile sikuibeba mkononi. Niliitia kifuani nikafunga na pini.

Miwani ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpole mno, miwani yake ameifunga uzi upande mmoja. Upole wa namna hiyo mimi huwa nauangalia mara mbili. Akaichomeka flashi. Nikamwambia afungue nione kama ndilo lenyewe. Akasema dada amempigia, amemwambia asifungue. Nikamwambia huyo dada nimemzaa mimi.

Akafungua.

Ukurasa wa kwanza una jina la hadithi tu. Nikamwambia ateremke. Wa pili, juu ya maneno, una namba tu. Wa tatu namba. Ateremke tena. Kurasa mia na nne, na hakuna hata mmoja uliosema ni za nani.

Sasa mwenye kuelewa kazi yangu ataelewa nilivyoshikwa. Kiwandani mtu anaruhusiwa kuingia na mkasi wake mwenyewe, lakini lazima uwe umechongwa jina. Jioni, mkasi usio na jina ni wa kiwanda. Hakuna maneno. Kuna mwanamke nilimnyang'anya mkasi aliorithi kwa mama yake, akalia pale mezani, na mimi nilijua kabisa ni wake, nimeuona miaka mingi. Lakini jina lilikuwa limefutika. Niliupokea nikauandika kwenye daftari, na yeye mwaka mzima hakunisalimia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ninavyoijua dunia, na mwanangu alikuwa anaipeleka mali yake kwenye geti la watu wasio na sura, haina hata alama.

Nikamwambia Miwani aweke jina. Kila ukurasa. Jina lake kamili na namba ya simu.

"Mama, jina liko kwenye fomu," alisema. "Hebu ona hapa, amejaza. Huku ndani pengine ameacha makusudi."

"Fomu inabaki getini," nikamwambia. "Mzigo ndio unaingia ndani. Utaingia na fomu shingoni?"

Akasema labda tumpigie. Nikampigia. Kule kufulia, wakiwa kwenye mashine, simu hukaa kabatini. Ikaita mpaka ikakata. Akasema tumngoje. Nikamwonyesha saa ya ukutani: saa tisa na dakika ishirini. Akajikuna shingo. Akasema yeye haoni vizuri kufanya hivi, na mimi nikamuuliza kwa nini mtu mwema asitake jina la mwenye mali lionekane. Akaweka. Nikamwambia aongeze ukubwa. Akaongeza.

Akabonyeza, mstari ukajaa, ikatokea alama ya kijani na neno Imepokelewa. Kisha nikamwambia afute faili kwenye mashine yake nikiona. Akafuta. Nikamwambia na kwenye kile kipipa cha taka. Akafuta na huko. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Daftari sikumwambia. Angesema nimeingilia. Niliweka moyoni kwamba nitamwambia siku atakayoshinda, tucheke wote.

Basi zikaanza wiki za kungoja. Kwenye tovuti lile neno likabadilika likawa Inashughulikiwa, likakaa hivyo kama kigugumizi. Mimi sikulala vizuri. Nikiwa naangalia tamthilia jioni, nilikuwa naangalia vidole vya watu. Siku moja niliona pete imefunikwa na shuka jeupe, nikamwita Daftari kwa sauti mpaka akatoka bafuni na povu kichwani. Lilikuwa tangazo la sabuni.

Miwani naye akaanza kuniuliza hali. Nikipita: "Majibu bado, mama?" Nikienda kununua vocha: "Dada hajambo?" Nikawa najiuliza anataka nini. Alikuwa ameifungua ile skripti, ameiona, na mtu anaweza kufuta kitu mbele yako akawa amekiweka kwingine. Mbona wanawake wa kiwandani hukufungulia mkoba wote na kitambaa kiko kwenye soksi? Nikaanza kununua vocha duka la mbali.

Usiku ule wa matokeo, saa sita ilipofika, mwanga ulitokea chini ya mlango na haukupotea. Nilihesabu mpaka mia mbili. Kisha komeo likasogea, Daftari akatoka ameshika simu kwa mikono miwili. Sikumuuliza. Nikawasha taa. Akanisomea polepole, kama mtu anayesoma dawa inavyotumiwa: muswada umeondolewa kwenye shindano bila kusomwa, kwa sababu jina la mwandishi limeonekana ndani ya kurasa. Akanieleza, na safari hii nilisikiliza mpaka mwisho. Msomaji hatakiwi kujua anasoma kazi ya nani, asije akampendelea ndugu yake au akamdharau mtu kwa jina lake. Ndiyo maana yeye alikuwa ameyatoa majina yote, amehakikisha mara tatu. Skripti yenye jina wanaiweka pembeni. Hawaiulizi kitu.

"Nani ameandika jina langu humu, mama?"

Kila jioni mimi ndiye ninayeuliza swali hilo kwa watu. Hiki ni cha nani, nani amekiweka humu. Najua jibu la haraka linavyosikika na najua jibu la kuchelewa linavyosikika. Langu lilichelewa, kisha nikasema neno la kipumbavu, nikasema jina lenyewe linaonekana wapi. Akanionyesha. Lilikuwa kubwa kweli.

"Ni Miwani," alisema.

Nilitakiwa kusema hapo. Mdomo nilikuwa nao, na yeye alikuwa karibu yangu kiasi cha kusikia ile dawa ya kufulia kwenye nywele zake. Nikasikia anapiga simu.

Akaweka sauti ya nje. Miwani akapokea kwa sauti ya usingizi. Daftari alimwambia mengi, mengine sikujua kama anayajua. Alimwambia ameiua miaka yake mitatu kwa kiherehere. Alimwambia asubuhi atakwenda dukani kwake kumweleza mbele ya wateja wake wote yeye ni mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa nimesimama nashika mgongo wa kiti, nangoja jina langu litoke ndani ya ile simu.

Miwani akasema, "Samahani sana, dada. Ni mkono wangu."

"Nani alikutuma?"

"Ni mkono wangu tu. Nisamehe."

Daftari akakata simu. Akaingia chumbani, na komeo likarudi.

Nilikaa tena. Na haya ninayoyasema sasa si ya kujisifu. Kwa muda wa saa nzima sikumwaza mwanangu, nilimwaza Miwani. Mtu anakubalije kosa lisilo lake? Getini, anayesema "ni changu, ni changu" kabla hajaulizwa anamkinga mtu nyuma yake, au ana kingine kikubwa zaidi ndani. Nikasema anamtaka binti yangu. Kisha nikasema hapana, mtu anayemtaka msichana hajipaki masizi mbele yake. Nikasema ananitafutia deni la fadhila, kesho atanivizia aniambie mama nilikusitiri. Nikasema anaficha kwamba skripti ameiuza. Lakini aiuze kwa nani, ina jina kwenye kila ukurasa? Nilimkagua yule mwanaume mpaka kwenye bitana, sikukuta kitu. Nilikuta tu kwamba alinikataza mara tatu na mimi nikamwonyesha saa.

Nikaenda mlangoni kwa Daftari. Nikagonga kwa kidole.

Kitanda kililia.

"Usiende kwa Miwani asubuhi," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia aandike. Alikataa. Alitaka tukungoje. Nikamwambia aongeze na ukubwa."

Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeanza tena. Nikamwambia nilivyoona kurasa hazina mwenyewe. Nikamwambia habari za mkasi, ambazo anazijua. Nikamwambia nilipiga simu haikupokelewa, halafu nikaona hilo nalo linasikika kama namlaumu yeye, nikaliacha.

"Niliogopa wataiba," nikasema.

Sauti yake ikatoka karibu zaidi kuliko nilivyotarajia. Nadhani alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Hakuna aliyeisoma, mama."

Niliegemea mlango upande wangu.

"Miaka mitatu," alisema. "Ningeshindwa, ningejua nimeshindwa. Sasa sijui hata kama ni nzuri."

Nikamwambia ni nzuri. Nikamwambia yale ya pete kutotoka kidoleni. Akaniuliza nilijuaje, na mimi nikakumbuka kwamba hapo hakuwa amenisomea. Nilikuwa nimesikiliza mlangoni siku anajisomea mwenyewe. Nadhani naye alielewa.

Baadaye nikasikia simu yake inatoa ule mlio wa kutuma ujumbe. Kisha ikaingia sauti ya ujumbe kurudi, upesi, kama mtu huko alikuwa macho. Nikatamani kuuliza amemwandikia nini Miwani na Miwani amejibu nini. Maneno yalifika kwenye meno. Nikayameza.

"Fungua, mwanangu. Tuongee tukiwa tunaonana."

"Nina zamu ya asubuhi," alisema. "Nenda kalale, mama."

"Nifungulie kidogo tu."

Nilimsikia anainuka, anatembea, kitanda kinalia tena. Niliweka mkono kwenye kitasa, nikauondoa. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikisikiliza komeo. Halikusogea.